Injini Ikiwa Baridi

Alilijua gari lile kabla hawajaingia getini.

Lilikuwa limewekwa mbele kabisa ya yadi ya kuuzia magari, pua imeelekea barabarani, limeoshwa mpaka kwenye nati za magurudumu. Sikio, binti fundi wa magari, akapunguza mwendo. Akaomba kimoyomoyo wapite. Liwe lile jeupe la pembeni, aliomba, au hata ile pikapu yenye kioo kilichopasuka, mradi lisiwe hili. Lakini mchumba wake, fundi miwani, alikuwa ameshamshika mkono, anamvuta kwenda pale pale asipotaka kufika.

"Ndilo hili," alisema, uso wote umechanua. "La kijivu. Mama, umeliona?"

"Nimeliona," mama yake alijibu kutoka nyuma, akija taratibu na fimbo yake. "Gari si sindano."

Hebu tusimame hapo kidogo, maana bila kuwajua watu hawa mtamhukumu binti wa watu mapema. Kuhukumiwa kwake kupo, wala hakutamkimbia.

Sikio lilikuwa jina la gerejini. La kwenye cheti alikuwa nalo, ila hata yeye akiitwa kwa hilo benki alichelewa kuitika. Alikuwa fundi wa injini, miaka thelathini na moja, amelelewa na mjomba wake ndani ya harufu ya dizeli. Jina alilipata kwa sababu aliweza kuipa injini mgongo, anakunywa chai yake, halafu akakwambia plagi ya ngapi haichomi. Watu walitoka mbali kuja kumsikilizisha magari yao kabla ya kununua, na maneno matamu ya wauzaji hayakuwahi kumlainisha. Hivyo ndivyo alivyojulikana, na hivyo ndivyo alivyojijua mwenyewe mpaka wiki ile.

Na huyu mwanamume? Huyu alichonga lenzi katika kiduka chembamba chenye meza moja na taa kali, mtu mrefu, mpole, asiye na haraka. Mwaka uliopita alikuja gerejini na pikipiki ya kuazima iliyokuwa ikikohoa, na Sikio, bila kuinua kichwa, akamwambia tatizo ni kabureta. "Hujaitazama," alisema. "Sina haja," akajibiwa. Basi siku hiyo aliyetazama akawa yeye, na akatazama mpaka mafundi wengine wakaanza kukohoa wao. Kesho yake alirudi bila pikipiki.

Kikwazo kilikuwa mama. Mama alikuwa na mtoto mmoja tu, na huyo mmoja alimtaka aoe mwalimu, au muuguzi, au mtu yeyote mwenye kucha safi. "Mwanamke anayeshinda chini ya magari ya wanaume," alisema mara ya kwanza alipoletewa habari, "akizaa mtoto atamfuta na tambara la oili?" Sikio alifika nyumbani kwao mara moja. Akasimama mlangoni, akasalimia, akaitikiwa, na hakuambiwa akae.

Magoti ya mama ndiyo yaliyowaleta yadi. Mara tatu kwa wiki alitakiwa hospitali kunyooshwa miguu, na kila kupanda na kushuka magari ya kukodi kulimtoa machozi. Fundi miwani alikuwa amejinyima miaka minne ili anunue sedani ya Ulaya, ya zamani kidogo, zile zenye viti vipana vya chini na mlango unaofunguka mpaka mwisho. Alijua fika kwamba magari hayo yakiwa mazima ni raha, na injini ikiwa imechoka ni kaburi la akiba ya mtu. Kwa hiyo alikuwa na sharti moja tu: halipi mpaka Sikio asikilize. Na siku hiyo akaamua kumleta mama pia.

"Leo atakuona ukiwa kazini," alimwambia Sikio asubuhi, akimfunga kifungo cha juu cha ovaroli ambacho hakikuhitaji kufungwa. "Akikuona kazini basi, yameisha. Mimi mwenyewe ndiko nilikonaswa."

Sasa, kosa. Jumanne ya wiki ile, mjomba alimwita Sikio nyuma ya gereji ambako sedani ya kijivu ilikuwa imekaa chini ya turubai mwezi mzima. Injini ilikuwa imechoka: ringi zimelika, cheni ya ndani imelegea, ukiiwasha asubuhi inagonga na kutoa moshi wa bluu. Mjomba hakusema mengi. Alisema iwekwe oili nzito, ile ya malori, na chupa mbili za dawa ya kuzuia moshi, ioshwe, ipelekwe kwa dalali, na dalali aambiwe aipashe moto kila asubuhi kabla wateja hawajafika. Oili nzito ikishapata moto huficha karibu kila kitu. Sikio alijua hilo kama anavyojua njia ya kwenda chooni. Alifanya kazi hiyo kwa saa mbili, huku anaimba.

Ndilo gari hilo lililokuwa mbele yake sasa.

"Karibuni, karibuni sana," dalali alitokea akipangusa mikono. Alikuwa mtu mnene wa mdomo mwepesi, rafiki wa mjomba wa siku nyingi. Alipomwona Sikio alisita kidogo tu, kisha akajichekea. "Na fundi mmekuja naye? Safi. Mimi mteja anayekuja na fundi namheshimu." Mama alipogeuka kuangalia pa kukaa, dalali akamkonyeza Sikio.

Sikio alitamani ardhi ipasuke. Haikupasuka. Ilikuwa imemwagwa kokoto na maji ya kuoshea magari.

Kitu cha kwanza afanyacho fundi yeyote anayejiheshimu, kabla hata ya salamu, ni kuweka kiganja juu ya boneti. Injini yenye moto ina jambo inaloficha. Sikio aliweka kiganja, mkono ukamwendea wenyewe kwa mazoea, akauondoa upesi.

"Vipi?" fundi miwani aliuliza.

"Jua limelipasha," alisema.

Fundi miwani akainua macho. Tangu alfajiri mbingu ilikuwa imefungwa na mawingu mazito. Lakini mtu akipenda hata mawingu atayaita jua; akashusha macho, akatabasamu, akamwamini.

Na kuanzia hapo, jamani, jambo moja lilivuta lingine. Mama alikuwa ameketi kwenye kiti cha mbele, mlango wazi, miguu nje, mikono juu ya fimbo, anamtazama Sikio kama msahihishaji wa mtihani. Sikio akaanza kazi. Alichomoa kijiti cha oili, akakipangusa kwa kitambaa cheupe, akakichovya tena. Oili ilikuwa safi, rangi ya asali. Akachungulia chupa ya maji ya radieta, masafi. Akawasha. Injini ikaitika mara moja, ikatulia, ikanguruma taratibu. Akafungua kifuniko cha oili juu ya injini, na hakuna moshi uliopanda. Akaenda nyuma, akaweka karatasi nyeupe kwenye bomba la moshi, akahesabu mpaka thelathini, akairudisha nyeupe vile vile. Kila mtihani ulifaulu kwa sababu majibu yote alikuwa ameyaandika yeye.

"Mtazame," fundi miwani alimwambia mama yake kwa sauti ya chini, ila Sikio alisikia. Lile sikio lake halikumwacha hata siku hiyo. "Umewahi kuona mtu anafanya kazi hivyo?"

Mama aligeuza shingo. Alimuuliza Sikio mwenyewe, na ilikuwa mara ya kwanza kumsemesha zaidi ya marahaba.

"Unasikia nini, binti?"

Alikuwa na nafasi. Tuseme ukweli, nafasi ilikuwa mbele yake wazi kama ule mlango wa gari. Dalali alikuwa amekunja mikono, anatabasamu. Mjomba alikuwa gerejini anangoja simu. Na mama alikuwa anamtazama kwa macho yasiyo makali, macho yaliyoanza kulegea.

"Iko vizuri, mama," Sikio alisema.

"Vizuri kweli?"

"Vizuri kweli."

Mama akaingiza miguu ndani, mmoja, halafu wa pili, bila kuguna. Akajiegemeza. Akapapasa kiti kwa kiganja, huku na huku. "Magoti hayajalia," alisema, kama anayejisemea. Kisha akageuka. "Mimi nilidhani mambo haya ya gereji ni ujeuri tu wa wasichana wa siku hizi. Kumbe ni kazi ya kichwa. Njoo nyumbani Jumapili, mwanangu. Uje ukae."

Mwanangu. Miezi kumi na moja Sikio alikuwa akilisubiri neno hilo, ameliota, amejifunza hata atakavyoliitikia. Likaja, na akashindwa kumtazama aliyelisema. Alijisikia mwizi aliyekaribishwa mezani, akainama kwenye injini kujifanya anakaza kitu.

Fundi miwani akainama naye. Bega lake likagusa la Sikio, na kwa kawaida bega hilo lilikuwa linatosha kumsahaulisha siku mbaya nzima.

"Asante," alimnong'oneza. "Hujui umenifanyia nini leo."

Sikio alikaza nati isiyolegea. Ndipo akamwona anasogeza uso karibu na mfuniko wa filta ya oili. Mtu huyu kazi yake ilikuwa kusoma vitu vidogo. Maandishi ya kwenye vyeti vya macho ambayo madaktari wenyewe hawayaelewi, yeye aliyasoma.

Pale juu ya mfuniko kulikuwa na tarehe, imeandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Sikio alikuwa ameiandika Jumanne. Kila alipobadilisha oili alikuwa anaandika tarehe, kila gari, miaka kumi na mitatu, ili fundi atakayekuja baadaye asipate shida. Ilikuwa tabia yake njema kuliko zote. Aliificha injini nzima, halafu mkono ukaenda wenyewe ukatia sahihi.

"Hii saba ni yako," fundi miwani alisema.

Sikio alikunja kitambaa cha oili mara mbili.

"Saba yako unaipiga mstari katikati halafu mkia unaupinda. Ninazo karatasi zako ishirini dukani, unazoniachia ukinikosa. Hii ni tarehe ya Jumanne. Jumanne nilikupigia, ukaniambia una kazi ndogo, gari la mtu."

"Ndiyo."

"Ndilo hili."

"Ndiyo."

"Mbona hukuniambia unalijua?"

Alikuwa hajakasirika bado. Hilo ndilo lililomuumiza. Alikuwa anauliza kwa nia njema, anamtafutia mlango wa kutokea, na kama Sikio angesema tu kwamba alilifanyia sevisi na alisahau, angeaminiwa. Aliona kabisa kwamba angeaminiwa. Akaona pia maisha yote yaliyobaki, yeye akiaminiwa.

"Usilipe leo," alisema.

"Nimekuuliza kitu kingine."

"Njoo kesho saa moja asubuhi. Mtu yeyote asiliwashe kabla hujafika. Ulisikie mwenyewe likiwa baridi."

Fundi miwani alivua miwani yake, akaifuta kwa ncha ya shati muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Bila miwani macho yake yalikuwa yanaona umbo la mtu tu, siyo uso. Alikuwa amemwambia hivyo zamani, wakicheka.

"Dakika tano zilizopita," alisema taratibu, "umemwambia mama yangu iko vizuri. Amekuita mwanangu."

"Nimesikia."

"Ulisikia, sawa. Wewe unasikia kila kitu."

Akavaa miwani, akafunga boneti kwa upole, akaenda upande wa mama. Sikio akamsikia anasema, sauti ya kawaida kabisa: "Mama, karatasi za gari hazijakamilika. Tutarudi kesho asubuhi."

Huyu alikuwa mtu ambaye lenzi ikikosewa kidogo tu, anampigia mteja simu mwenyewe kabla mteja hajagundua. Sikio hakuwahi kumsikia anadanganya, hata kwenye utani. Sasa alikuwa amemdanganya mama yake, kwa ajili ya Sikio, na wala hakumtazama baada ya hapo. Walipoondoka, mama ndiye aliyempungia mkono.

Dalali alimsogelea. "Sasa wewe uko upande gani?"

Sikio alichomoa ufunguo wa gari, akautia mfuko wa ovaroli. "Mwambie mjomba ninao mimi."

Mjomba alikuwa ameshaambiwa. Sikio alimkuta ofisini, ofisi yenyewe ni kona ya gereji iliyozungushiwa mbao, kuna kalenda ya miaka mitatu nyuma na kiti kilichotolewa kwenye basi. Alikuwa mtu mdogo wa umbo, mikono mikubwa. Hakupiga kelele. Angepiga kelele ingekuwa afadhali.

"Lete ufunguo."

"Siwezi, mjomba."

"Nilikufundisha kusikia injini. Sikukufundisha kunivua nguo mbele ya watu."

"Mnunuzi ni mchumba wangu."

Mjomba alikaa. Alijua yupo mtu fulani, ila walikuwa hawajafika kwenye kulitaja neno hilo. "Yule wa miwani? Aliyekuja na pikipiki?"

"Ndiye. Na gari ni la mama yake, magoti yake mabovu."

Mzee alijikuna kidevu, akatazama kalenda kana kwamba kuna tarehe anaitafuta. "Unajua nililipataje gari lile?" alisema mwishowe. "Hujaniuliza. Nililinunua. Kwa pesa yangu. Saa saba mchana, limetoka kuendeshwa, la moto. Niliweka mkono kwenye boneti, nikasikia ni la moto, nikasema ah, mimi huyu nitadanganywa na nani? Sikungoja lipoe. Miaka thelathini na mbili kwenye kazi hii." Akayaondoa macho kwa Sikio. "Asubuhi yake nililiwasha peke yangu, nikalizima, nikalifunika turubai kabla mafundi hawajafika. Wakijua, watanicheka mpaka siku nazikwa."

Sikio hakuwahi kumwona mjomba wake akishindwa kumtazama mtu. Akamhurumia, na akatamani asimhurumie.

"Ungeniambia kama ni la mchumba wako," mjomba alisema. "Ningelizuia. Ningelitafutia mnunuzi mwingine."

"Najua."

"Basi tatizo liko wapi? Tuliuze kwa mwingine."

Mjomba alikuwa na haki ya kuuliza hivyo. Hata yeye mwenyewe, njia nzima kutoka yadi, alikuwa anawaza hivyo hivyo: bahati mbaya tu, katika watu wote akatokea huyu. Lakini aliposikia mawazo yake yanatoka kinywani mwa mtu mwingine, yalimtia kichefuchefu. Huyo mwingine naye angekuwa na mama. Jumanne aliimba. Angeendelea kuimba.

"Kesho nitalisema kosa, mjomba. Lako sitalisema. Langu nitalisema."

"Langu na lako ni moja, wewe mtoto."

"Basi nisamehe."

 Mjomba alichukua spana mezani, akatoka, na mpaka jioni akawasemesha watu wote gerejini isipokuwa yeye.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi Sikio alikuwa ameshafika yadi, amekaa kwenye tofali karibu na gari. Usiku hakulala, kwa hiyo hakukuwa na ushujaa wowote kwenye kuwahi. Kwenye boneti kulikuwa na umande. Aliweka kiganja: baridi kabisa. Mara mbili alifikiria kuacha ufunguo juu ya tairi na kuondoka, akatafute kazi mji mwingine ambako hakuna anayemjua kwa jina hilo la Sikio. Hakuondoka, ila msifikiri hakutaka.

Walikuja saa moja kasoro. Alitegemea fundi miwani aje peke yake. Mama alishuka kwenye gari la kukodi akiguna, mkono mmoja begani kwa mwanawe.

"Nilimwambia abaki," fundi miwani alisema, anaongea na ukuta nyuma ya Sikio.

"Na mimi nilimwambia gari ni langu," mama alisema. "Umeamkaje, mwanangu?"

"Shikamoo, mama." Akainuka kwenye tofali. "Mama, kabla hujakaa, naomba usikilize kwanza."

Alimpa fundi miwani ufunguo. Vidole havikugusana, mwanamume alihakikisha. Akaketi, akazungusha.

Injini ilisita, ikajikwamua, ikashika. Kisha ikaanza kugonga. Kwanza cheni, mchakacho mkavu, mrefu, maana ile oili nzito ikiwa baridi inapanda polepole na cheni inabaki kavu. Halafu kutoka chini, pigo moja moja zito, mtu yeyote angelisikia, hata asiyejua gari lina magurudumu mangapi. Nyuma ukatoka moshi wa bluu, ukatambaa juu ya kokoto, ukafika mpaka kwenye fimbo ya mama. Ilichukua muda, nao wote watatu waliutazama. Sikio hakuinamisha kichwa. Alijilazimisha kusikia kila pigo.

"Zima," mama alisema.

Likazimwa. Fundi miwani alibaki ndani, mikono kwenye usukani.

"Jana hukusikia hayo?" mama aliuliza.

"Jana sikusikiliza, mama. Nilikuwa najua."

"Ulijuaje?"

"Ndani kuna oili ya malori, na dawa ya kuzuia moshi. Likiwa la moto husikii kitu. Jana lilipashwa moto kabla hamjafika."

"Nani aliitia hiyo oili?"

"Mimi."

Mama alibadilisha mkono kwenye fimbo. "Ulijua unatutilia sisi?"

"Sikujua. Nililitambua nilipofika getini."

"Na tusingekuwa sisi?"

Hilo ndilo swali alilokuwa ameomba usiku kucha lisije. Fundi miwani aligeuza kichwa ndani ya gari, na kwa mara ya kwanza tangu jana akamtazama usoni, miwani ikiwa mahali pake. Angeweza kusema lolote. Alikuwa anatazamwa na mtu aliyempenda kuliko mtu yeyote, na mtu huyo alikuwa anaomba, kwa macho kabisa, asikie jibu zuri.

"Ningenyamaza, mama," Sikio alisema. "Wangenunua, wangeondoka, nami ningeendelea na kazi. Nisingekumbuka hata rangi ya gari."

Machozi yalikuja na akayaacha. Fundi miwani alitazama mbele tena.

Mama alipiga fimbo kwenye kokoto mara moja. Kisha akamgeukia mwanawe. "Na wewe. Jana uliniambia karatasi. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa nimeshashuku, mama."

"Ukanidanganya."

"Ndiyo."

"Naona mmeshaanza kufanana," mama alisema kwa ukavu. "Shuka humo, twende zetu. Nimesimama sana."

Fundi miwani alishuka. Sikio akasogea kando kuwapisha, akijua kwamba hapo ndipo mwisho, kwamba atapita karibu yake, harufu ya ile sabuni yake itapita, na basi. Lakini mama hakwenda. Alimsogelea yeye, hatua tatu ngumu, akamshika kidevu kwa vidole vikavu na kumwinua uso, kama mtu anayekagua kitambaa dukani.

"Tutatafuta gari jingine," alisema. "Na wewe utakuja kulisikiliza."

"Mama, mimi sistahili..."

"Nimesema unastahili? Nimesema utakuja. Jana uliponiambia vizuri kweli, uso ulikuwa umekukauka, shingo imekusimama, nikasema moyoni huyu binti ananionea haya, mimi mkwe wake. Kumbe ni hilo. Basi uso wako ukidanganya sasa naujua. Nikitafuta fundi mwingine, uso wake nitaanza kuusoma upya, na mimi umri huo sina." Akamwachia kidevu. "Ya Jumapili nimeifuta. Usije. Nitakuita mwenyewe nikiwa tayari."

Akaanza kurudi kwenye gari la kukodi, mwanawe amemshika kiwiko. Sikio aliwafuata hatua mbili bila kujua anafuata. Alijua hana haki ya kuuliza, na akauliza, maana kutouliza kungemuua.

"Na wewe?"

Fundi miwani alisimama, ila hakugeuka. Mama naye alisimama, akatazama mbele, akajifanya hasikii. Upepo wa asubuhi ulikuwa umeanza kuutawanya ule moshi.

"Mimi bado sijawa tayari," alisema.

Akainama, akamsaidia mama yake kuingiza mguu mmoja, halafu wa pili.